Vidonge Kumi kwa Vidonge Kumi

Kama kulikuwa na mtu mmoja pale sokoni ambaye hata wachuuzi wenye ndimi za kisu walimwogopa, basi ni Fundi Mizani. Si kwamba alikuwa mkali. Alikuwa mwembamba, mtaratibu, miwani yake imefungwa uzi upande mmoja, na alikuwa na kikohozi kidogo alichokitoa kila alipotaka kusema jambo zito. Lakini mizani iliyopita mkononi mwake haikudanganya tena, na hilo ndilo lililowatia watu baridi. Muuza nyama mmoja aliwahi kumpelekea mizani yake akamnong'oneza kwamba aiachie "upendeleo kidogo". Fundi akakohoa, akairekebisha ikawa sawasawa kama ilivyotoka kiwandani, akamrudishia. Yule bwana alinuna wiki nzima. Tangu hapo wakambandika jina la Nusu Gramu, naye alilipenda kuliko lile alilopewa na baba yake.

Namwanzia hapo makusudi, ili mtu asije akasema baadaye kwamba huyu alikuwa tapeli tangu zamani. Hakuwa. Alichokifanya alikifanya kwa mkono uleule uliorekebisha mizani za soko zima, na kwa uangalifu uleule. Ndiyo maana kinaniudhi mpaka leo.

Mke wake alikuwa mwalimu wa darasa la tatu, na nyumbani waliitana kwa kazi zao: Fundi na Mwalimu. Walikuwa na vyumba viwili na ua mdogo nyuma, binti mmoja aliyekuwa shule ya bweni, na virusi vya UKIMWI. Habari za virusi hivyo waliambiwa siku moja, wakiwa wamekaa benchi moja, miaka kumi na mmoja kabla ya mambo haya. Siku ile Mwalimu alilia njia nzima. Walipofika nyumbani akanawa uso, akafunga kanga vizuri, akauliza, "Haya, nani atakuwa anahesabu vidonge?"

"Mimi," akasema Fundi. Nani mwingine?

Ikawa desturi ya nyumba. Kila asubuhi, redio ikianza taarifa ya habari ya saa moja, Fundi alishusha chupa za dawa kutoka juu ya kabati, akaweka kidonge chake kwenye kisahani cha kijani na cha mkewe kwenye kisahani cheupe. Mwalimu alileta vikombe viwili vya maji. Walisema kwa pamoja, "Meza tuishi," wakameza, kila mmoja akaenda kazini. Mwalimu hakuwahi kuangalia ndani ya chupa. Kwa miaka kumi na mmoja alimeza alichowekewa. Wakapata binti akiwa salama, na damu zao zikafika mahali ambapo kipimo kilitafuta virusi kisivione.

Kisha kaka akafa. Kaka mkubwa wa Fundi alikuwa dereva wa lori, ana virusi vilevile na nidhamu ileile ya dawa. Kipimo chake cha mwisho kilikuwa safi hata akapiga simu kujisifu: "Wamenitafuta kwenye damu wamenikosa! Mimi sasa ni mzimu!" Wiki mbili baadaye, akiwa anafunga turubai la lori, moyo ukasimama. Alikuwa na miaka arobaini na saba. Fundi alirudi kutoka mazikoni na swali moja ambalo hakuna aliyeweza kumjibu: kama virusi havionekani, kaka ameuliwa na nini?

Jibu alilipata kliniki, miezi kadhaa baadaye, kwa muuguzi wa utafiti ambaye wagonjwa walimwita Sista Kalamu, kwa sababu mfuko wake wa kifuani haukuwahi kuwa na kalamu pungufu ya nne, na kila mara alikuwa anatafuta ya tano.

"Virusi vimelala," Sista Kalamu aliwaeleza watu waliojaa kwenye viti vya plastiki. "Lakini mwili haujaamini. Unakaa macho, unapigana na kivuli. Ni kama jiko ulilolimwagia maji: juu majivu, chini makaa bado mekundu. Huo moto wa chini kwa chini ndio unaochoma mishipa ya moyo, kidogo kidogo. Sasa ipo dawa ya kutuliza uvimbe wa ndani, inatumika siku nyingi kwa wenye maumivu ya viungo. Tunataka kujua kama inaweza kuuzima moto huu kwa watu wanaoishi na VVU. Nusu yenu mtapata kidonge chenye dawa. Nusu mtapata kitupu, kinafanana nacho kama pacha."

"Na nani anajua nani kapata kipi?" Fundi akauliza.

"Kompyuta, baba. Mimi sijui, na daktari hajui. Ipo bahasha imefungwa kabatini, haifunguliwi mpaka mtu awe hatarini."

"Mbona mnafichana hivyo?"

"Kwa sababu tukijua, tutaona tunachotaka kuona."

Mwalimu akacheka. "Ndiyo maana hawaniruhusu kusahihisha mtihani wa mwanangu."

"Umenielewa kuliko wote," akasema Sista. "Na kuna jambo moja nawaomba. Lolote mtakalolifanya, mtuambie. Umesahau kidonge, sema. Umekitupa, sema. Mficha uchi hazai."

Mwalimu ndiye aliyetia sahihi kwanza. Akapewa namba mia moja na nane, mumewe mia moja na tisa. Namba hiyo aliipenda. Aliiandika kwa penseli nyuma ya daftari lake la mahudhurio, na njiani akamwambia mumewe, "Siku moja mtu mahali fulani atasoma kwamba watu mia nne walijaribiwa, wakajua dawa inafaa au haifai. Mmoja wa hao ni mimi. Shemeji yangu amekufa bure, lakini mimi nimeandikishwa." Fundi aliitikia "ndiyo, ndiyo," kama wanavyoitikia waume wenye mawazo mbali. Hakulisikiliza neno lile, na lingemfaa sana.

Mawazo yake yalikuwa kwenye karatasi ya vipimo. Daktari alikuwa amewaonyesha namba ya ule moto wa ndani: inavyokuwa ndogo ndivyo inavyokuwa nzuri. Ya Fundi ilikuwa mbili. Ya Mwalimu ilikuwa tisa.

Tangu siku hiyo hakutulia. Alianza kumsikiliza mkewe anavyopumua akipanda ngazi tatu za mlangoni. Akichelewa kutoka shule robo saa, Fundi alisimama uani amekunja mikono, akijifanya anatazama kamba ya nguo. Akishika kifua kwa sababu ya kikohozi tu, Fundi aliuliza, "Vipi hapo? Hapo, hapo ulipogusa!" Mwalimu akamwambia, "Hebu niache, we mwanaume, mbona unanichunga kama maziwa jikoni?" Alicheka peke yake. Mwenzake alikuwa anamwona kaka yake amelala chini ya turubai.

Mwezi mmoja baada ya kuanza dawa, sonara wa mtaa wa pili alimletea kazi. Mizani ndogo ya kupimia dhahabu, ndani ya sanduku la kioo, sahani zake mbili hazizidi upana wa kifuniko cha soda. Mizani ya namna hiyo ukipulizia pumzi tu inakasirika. Fundi aliifanyia kazi chumbani, juu ya meza iliyotandikwa kitambaa, mchana Mwalimu akiwa shule. Alipomaliza, akataka kuijaribu. Ndipo macho yake yakapanda juu ya kabati, kwenye chupa mbili nyeupe: 108 na 109.

Nadhani hata yeye hakuamua. Mkono ulikwenda. Alihesabu vidonge kumi kutoka chupa ya mkewe, akaviweka sahani ya kushoto. Kumi kutoka chupa yake, sahani ya kulia. Akafunga mlango wa kioo, akangoja.

Sahani ya kulia ikashuka. Kidogo tu, mistari mitatu.

Akabadilisha, vya kulia kushoto, kama fundi yeyote mwenye akili. Vyake vikashuka tena. Akarudia mara saba, na mara zote saba vyake vilikuwa vizito. Kwa macho vilifanana, kwa ulimi vilifanana, maana alivionja pia. Waliovitengeneza walifikiria kila kitu isipokuwa mtu mmoja sokoni anayeitwa Nusu Gramu.

Akakaa chini. Kilichobeba kitu hukizidi kisichobeba kitu, alijiambia. Basi chake kina dawa, cha mkewe kitupu. Mwenye namba mbili anatibiwa, mwenye namba tisa anameza unga. Akaona jambo hilo ni kosa tupu, kama mizani iliyokaa vibaya, na yeye kazi yake ni nini katika dunia hii kama si kurekebisha mizani? Akajaribu kujizuia. Akakumbuka Sista Kalamu. Akajiambia kwamba kompyuta haikukosea, ilipiga kura tu. Kisha akajijibu kwa sauti, chumbani peke yake: "Kompyuta haina mke."

Akamimina vidonge vya chupa hii kwenye ile, na vya ile kwenye hii. Kazi ya dakika mbili.

Hakumwambia Mwalimu. Mtu mzima anayemfichia mwenzake jambo huwa tayari anajua jibu ambalo angepewa.

Kila mwezi walipewa chupa mpya, na kila mwezi Fundi alizibadilisha. Sista Kalamu alihesabu vilivyobaki, akakuta hesabu imesimama bila kupungua wala kuzidi. "Watu wote wangekuwa kama nyie wawili!" alisema, akatia alama ya vema kwa wino wa bluu. Fundi akakohoa. Mwalimu akamsifu mumewe pale pale, "Huyu ndiye anayehesabu, Sista, mimi najua kumeza tu." Katika mwezi wa tatu namba ya moto ya Mwalimu iliposhuka kutoka tisa hadi tano, Fundi alitembea kutoka kliniki akijiona ameiba kutoka kwa kifo chenyewe. Furaha hiyo ilidumu kama wiki kumi.

Mwezi wa sita daktari alikunja uso kidogo. Seli nyeupe za damu za Mwalimu zilikuwa zimepungua. "Si sana," akasema. "Tutaangalia." Neno "tutaangalia" ni dogo, lakini Fundi alilibeba nyumbani, akakaa nalo mezani, akafanya nalo kazi. Siku hizo alikuwa akisahau mizani ya nani ni ipi.

Mwezi wa nane Mwalimu akaanza kupata vidonda mdomoni. Alikula taratibu, akapuliza kila kitu hata kilichopoa. "Ni joto la mwili tu," alisema. Asubuhi moja, redio ikisoma habari, Fundi alishika kidonge cha kisahani cheupe, akakirudisha chupani, akakitoa tena. Kama ni hiki? Lakini kama si hiki, akimnyima, moyo ukasimama? Alikuwa amejijengea mizani ambayo hakuna upande aliothubutu kuugusa. Mwalimu akaingia na maji. "Leo umechelewa, Fundi. Meza tuishi." Akameza, uso ukamkunjamana kwa maumivu ya vidonda, akaondoka na madaftari yake.

Siku ya kipimo cha mwezi wa tisa, Ijumaa, waliitwa chumba cha ndani. Daktari alikuwa kijana mrefu aliyemwamkia Fundi "shikamoo" kila mara hata akiwa na haraka. Safari hii alisahau.

"Mwalimu, seli nyeupe zimeshuka sana. Kidonda kidogo tu kinaweza kukuangusha. Nilianza kushuku kidonge cha utafiti, nikaomba ruhusa, tumeifungua bahasha yako." Akageuza karatasi. "Kidonge chako ni kitupu. Kwa hiyo hicho hakina kesi, unaweza kuendelea nacho bila wasiwasi. Tatizo liko kwingine. Huenda ni moja ya dawa zako za kufubaza virusi, tutalazimika kuzibadilisha. Na huenda ni kwenye uboho, mahali damu inapotengenezwa. Itabidi tuchukue kipimo cha mfupa wa nyonga, kwa sindano. Jumatano."

"Dawa zangu zimenilinda miaka kumi na mmoja," akasema Mwalimu kwa sauti ndogo.

"Najua, mama."

Fundi alikuwa ameshika kiti kwa chini. Kwa hiyo alipima sawasawa. Mistari mitatu ile ilisema kweli. Mkewe alikuwa anameza dawa yenyewe, kila asubuhi, kutoka mkono wake, na sasa daktari mwenye bahasha mkononi alikuwa ameiondoa dawa hiyo kwenye orodha ya watuhumiwa na kuigeuzia mgongo. Dunia nzima mtu mmoja tu ndiye aliyekuwa anajua, naye alikuwa anakohoa.

Hakusema. Jioni ile alirudisha vidonge kila kimoja chupa yake. Akajiambia: basi, kuanzia kesho anameza kitupu, seli zitapanda zenyewe, hakuna atakayejua, na jina la Mwalimu litabaki kwenye daftari lao na langu sokoni. Tusimcheke. Nani kati yetu hajawahi kurudisha kitu mahali pake kimyakimya akaomba kisiwe kimeonekana?

Jumanne saa nne asubuhi mkuu wa shule alipiga simu. Mwalimu alikuwa akiita majina ya watoto. Alipofika katikati ya daftari akanyamaza, akaweka kichwa juu ya meza. Homa ilikuwa inamchoma kama pasi. Alilazwa chumba cha peke yake, kila anayeingia ananawa na kuziba mdomo na pua, kwa sababu hakuwa na askari wa kumlinda hata dhidi ya mafua.

Jumatano asubuhi Fundi alikaa kwenye korido. Sindano ya mfupa ilipangwa saa nne. Saa ya ukutani ilikuwa nyuma dakika sita. Aliilinganisha na ya mkononi mara nyingi, kama mwenye kudai haki yake. Sista Kalamu akatoka chumbani amebeba trei, akaketi kando yake kwa uchovu.

"Anaendeleaje, Sista?"

"Homa haijashuka. Anasema kwa shida, mdomo wote vidonda." Akatikisa kichwa. "Inaudhi, baba. Ukimtazama, ungeapa ni kile kidonge chetu. Ndivyo kinavyofanya kikimkataa mtu. Na ingekuwa ni hicho, tungejua la kufanya. Ipo dawa ya kukifuta, tungemchoma tangu jana. Lakini bahasha inasema kitupu. Sasa tunapapasa gizani, na yeye hana muda mwingi wa kupapaswa."

Fundi akatazama saa. Ilikuwa saa tatu na dakika arobaini. Aliona mambo yote mawili kwa mara moja: mlango wa chumba cha mkewe, na soko zima likimtazama. Alifikiria kumwambia Sista peke yake, pale pale, kwa kunong'ona. Akafikiria kuomba dawa ile ya kufuta bila kusema kwa nini, kama mtu anayeomba chumvi kwa jirani. Akakohoa mara tatu. Kisha akasimama, akanawa mikono, akajiziba mdomo na pua, akaingia chumbani daktari akiwa anapanga vifaa vyake kando ya kitanda.

"Daktari, usimchome."

"Mzee, hutakiwi kuwa humu."

"Anakunywa dawa. Si kitupu. Nilibadilisha chupa mimi. Changu nilimpa yeye, chake nikanywa mimi."

Daktari alishusha mikono. "Lini?"

"Tangu mwezi wa pili. Nimerudisha Ijumaa."

"Haiwezekani. Ulijuaje kipi ni kipi? Mimi mwenyewe nilikuwa sijui!"

"Nilipima," akasema Fundi. "Kumi kwa kumi. Kwa mizani ya sonara."

Sista Kalamu, aliyekuwa amemfuata, aliegemea mlango, na kalamu moja ikamdondoka. Kisha daktari akageuka akaanza kutoa amri, jina la dawa, kiasi, maji ya mshipani, haraka, na chumba kikajaa miguu. Fundi alisukumwa pembeni mpaka ukutani. Kutoka pale alimwona mkewe. Macho ya Mwalimu yalikuwa wazi. Alikuwa amesikia kila neno.

"Kikulacho..." Mwalimu akaanza, kwa ile midomo iliyopasuka. Hakumalizia, na methali ile haihitaji kumaliziwa. Akageuzia uso upande wa dirisha.

Dawa ya kufuta ilifanya kazi. Siku ya nne homa ilishuka, siku ya kumi seli zilianza kupanda, na baada ya wiki tatu Mwalimu alirudi nyumbani, mwembamba, kanga ikimzunguka mara mbili. Dawa zake za miaka kumi na mmoja hazikubadilishwa, na mfupa wake haukuguswa. Watu wa utafiti hawakupiga kelele. Ingekuwa nafuu wangepiga. Daktari aliwaita, akaeleza kwa upole kwamba namba mia moja na nane na mia moja na tisa zimeondolewa kwenye hesabu, kwa sababu hakuna tena anayeweza kusema damu ile ilikuwa inajibu nini. Akaongeza kwamba wamewaandikia waliotengeneza vidonge kuhusu ile tofauti ya uzito. Fundi alipeana naye mkono bila kumtazama.

Asubuhi ya kwanza nyumbani, redio ilipoanza taarifa ya habari, Fundi alishusha chupa na kupanga visahani viwili. Mwalimu akaja na kikombe kimoja cha maji. Akaichukua chupa yake, akasoma maandishi yote ya nje, akamimina kidonge kiganjani, akakitazama pande zote, akameza. Chupa akaitia kwenye mkoba wake wa shule. Kisahani cheupe kilibaki kitupu mezani.

"Nilikuogopea," akasema Fundi. "Namba yako ilikuwa tisa. Nilimwona kaka."

"Najua uliogopa. Ungeniambia unaogopa, ningekushika mkono." Alifunga mkoba. "Hivi ulidhani nilikwenda kule kutafuta dawa, Fundi? Nilikwenda nihesabiwe. Miezi tisa ya damu yangu, mshipa baada ya mshipa, ili mtu mwingine asife kama shemeji yangu. Umeifuta yote kwa dakika mbili, na ukanitazama nikikusifu mbele ya Sista."

Fundi aliendelea kuishi naye nyumba moja, wakazungumza habari za binti, za paa linalovuja, za mkuu wa shule. Lakini "Meza tuishi" haikusemwa tena, na kila asubuhi alisikia mkoba ukifunguliwa chumba cha pili.

Mwaka mmoja na nusu ukapita, utafiti ukaisha, wakaitwa wote ukumbini kusikiliza majibu. Hata walioondolewa walialikwa. Fundi hakutaka kwenda. Mwalimu alivaa gauni lake la mahafali, akasema, "Mimi nakwenda," na Fundi akatafuta viatu.

Daktari alisimama mbele, Sista Kalamu kando yake na kalamu zake nne. Walioingia walikuwa mia nne na kumi na wanne, alisema. Waliohesabiwa mwisho ni mia tatu na tisini na mmoja. Wengine walihama, wengine walijitoa, watatu walifariki kwa sababu nyingine. "Na wawili," akasema, akapitisha macho juu ya vichwa vya watu, "tuliwaondoa." Dawa ilituliza moto kidogo, si kiasi cha kusaidia moyo. Na kwa watu kumi na mmoja ilishusha seli nyeupe. Kwa hiyo dawa hii haitatumika kwa kazi hii; watatafuta nyingine. "Si kushindwa," alisema. "Sasa tunajua. Kuna swali?"

Mkono wa Mwalimu ukapanda, umenyooka kama wa mtoto wa darasa la tatu.

"Kumi na wawili," akasema Mwalimu akiwa amesimama. "Wa kumi na mbili ni mimi. Ilinishusha seli mpaka nikalazwa. Najua siko kwenye hesabu. Lakini niandikeni mahali, hata pembeni, hata kwa penseli."

Ukumbi ukageuka kumtazama. Mama mmoja wa safu ya nyuma akauliza, bila ubaya, "Sasa mama, walikuondoa kwa nini?"

Mwalimu aliketi, akaweka mikono juu ya mkoba, akatazama mbele. Swali likabaki limening'inia, na Fundi akaelewa kwamba limeachiwa yeye. Pale ukumbini walikuwamo watu wa sokoni, na wawili kati yao mizani zao zilipita mkononi mwake mwezi uliopita. Akakohoa, akasimama.

"Ni mimi," akasema. "Mimi mumewe. Nilibadilisha chupa zetu bila kumwambia, nikamdanganya yeye na nyie wote. Miezi tisa."

Sista Kalamu alikuwa ameshachomoa kalamu na anaandika. Fundi akaketi, asithubutu kugeuza shingo. Ndipo aliposikia sauti ya mkewe kando yake, ya chini, ileile aliyoitumia kusahihisha madaftari.

"Minane," akasema Mwalimu. "Mwezi wa kwanza ulikuwa bado mwaminifu."